Jaketi la Jernej

Umekuja kuchukua jaketi lako, Jernej,
na mimi sijalishona.
Kaa. Sukuma hayo makasia pembeni.
Chai iko kwenye birika, sukari imeisha tangu Jumanne.

Mwaka wa kumi na tisa huu nashona hapa Kobarid,
zipu, vifungo, mifuko iliyochanika.
Mto Soča huniletea kazi
kama jirani mkorofi aletavyo kesi.
Kuna wanaosoma barua; mimi husoma mikato.

Huu wa begani kwako:
nyuzi zote zimekatika kwa mkupuo mmoja.
Mkanda uliokazwa na maji hautaki nguvu,
ukiuguswa tu unaachia,
kama neno lililokaa mdomoni siku nyingi.
Lakini tazama hapa, kidole kimoja juu yake.
Kitambaa kimebonyea, kimeng'aa, hakikutoboka.
Hapo kisu cha Zdenka kiliteleza kwanza.
Maji yalimsukuma, wewe ukarusha kichwa,
ncha ikaja shingoni mwako.

Ncha butu.
Ile mliyoicheka mwezi wa Mei, wewe na Tilen,
mkaiita kisu cha kupakia siagi.

Najua ulikuwa na chako.
Kirefu, cheusi, ncha kama sindano,
umekifunga pajani kama askari wa sinema.
Kilikuwa wapi tawi lilipokunasa,
maji yakiwa ya shingo, kisha ya pua?
Ndani ya kayaki, chini ya turubai ya kiunoni,
mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe.
Hawakumwona huyo mtoto mtoni.

Zdenka hakuanza na kisu.
Labda hukumbuki, ulikuwa unameza povu.
Alipuliza filimbi. Tilen akarusha kamba,
wakaipitisha chini ya kwapa lako ili uso uelee.
Akakuvuta mara mbili; ya tatu tawi likakataa.
Akatafuta kifungo cha mkanda: kimelaliwa na gogo.
Ndipo akashika mpini.

Usiku ule, jikoni kwangu,
kijiko kikigongagonga bakuli la supu, dada yangu alisema:
"Majda, niliogopa kukata kamba iliyomshika."
Maana mkanda uliokunyonga na kamba iliyokubeba
vilipishana kwa upana wa kidole,
na katika povu kila kitu ni cheupe.
Alipapasa kwa dole gumba.
Kimoja kilivutwa na mto. Kingine kilivutwa na mtu.
Anasema ukishika, unajua.
Mimi sijui. Mimi hushika vilivyokwisha kukauka.

Basi hili halirudi majini.
Ningeweza kulishona ukaona fahari,
uzi mwekundu, hadithi ya kuwasimulia wasichana wa Bovec,
lakini mto haudanganyiki na uzi.
Chukua lile la rangi ya machungwa.
Mfuko wake unanuka jibini ya mtu, utazoea.

Na hiki hapa kisu.
Nimekitundika kifuani, mikono yote miwili inafika.
Usikitie kamba ya mapambo;
kinachoning'inia hutafuta tawi.
Ukirudi nyumbani kioshe, kikaushe, kipake mafuta,
kutu ikikifunga ndani ya ala
umebeba kipande cha chuma tu.

Ndoo ile ina barafu.
Zamisha mkono wa kushoto. Ndiyo, wa kushoto,
nani amekuahidi kwamba wa kulia utakuwa huru?
Hesabu hadi sitini.
Sasa funga macho. Kitoe.
Makali yatazame nje, mbali na nyama,
yako na ya mwenzio.
Polepole. Kirudishe bila kuchungulia.

Acha! Usikidake!
Kisu kinachoanguka hakidakwi,
kiache kifike sakafuni.

Haya, kiokote.
Barafu bado ipo.